Kitabu cha Ruthu: Usuli kwa Msomaji Anayeanza

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, huenda ukashangaa kuona makala kuhusu kitabu cha Biblia katika kurasa zilizozoea kuhakiki riwaya na tamthilia. Wengi wetu tunaofundisha Kiswahili huku Nyeri, Karatina, Othaya na Mukurwe-ini ndio hao hao tunaokabidhiwa ulezi wa Chama cha Wanafunzi Wakristo shuleni, na Jumapili ikifika huombwa tuongoze masomo kanisani, eti kwa kuwa "mwalimu anajua Kiswahili". Basi na tukitumie Kiswahili hicho vilivyo. Ruthu ni hadithi fupi kwa kila hali: sura 4, aya 85, wahusika wachache, msuko ulioshikamana. Unaweza kuimaliza ukingoja matatu ijae pale stendi.

Miaka michache iliyopita niliombwa kuwaongoza akina mama wa kanisa moja viungani mwa Karatina kukisoma kitabu hiki. Nilikuwa nimeandaa maswali yangu vizuri, yote juu ya uaminifu wa Ruthu na utiifu kwa mavyaa. Kabla sijafika swali la pili, mjane mmoja akainua mkono. "Mwalimu," akaniuliza, "hiyo miaka kumi waliyokaa Moabu, shamba la Elimeleki lilikuwa likilimwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekisoma kitabu hicho tangu shule ya Jumapili na swali hilo halikuwahi kunijia. Baadaye nilielewa kwa nini lilimjia yeye kwanza: alikuwa na kesi na mashemeji zake. Makala haya yametokana na swali lake. Nitakupa usuli ambao ningependa niwe nao siku ile, nawe utajionea kwamba sehemu kubwa ya usuli huo haiko mbali na milima yetu.

Kwanza kisa chenyewe kwa ufupi, kwa ajili ya asiyekijua. Njaa inaingia Bethlehemu ya Yuda. Elimeleki anahamia nchi ya Moabu pamoja na mkewe Naomi na wana wao wawili, Maloni na Kilioni. Elimeleki anafariki. Wana wanaoa wanawake Wamoabi, Orpa na Ruthu, kisha nao wanafariki bila watoto. Naomi anasikia kwamba kwao kuna chakula tena, anaanza safari ya kurudi, na kuwasihi wakaza-wana wake warejee kwa mama zao. Orpa anarejea. Ruthu anakataa. Bethlehemu, Ruthu anaokota masazo ya mavuno katika shamba la Boazi, jamaa ya Elimeleki. Naomi anambuni mpango. Usiku mmoja Ruthu anamfuata Boazi kwenye uwanja wa kupuria nafaka na kumwomba ndoa. Asubuhi Boazi anakwenda langoni mwa mji kumaliza mambo na jamaa mwingine aliye karibu zaidi. Ruthu anaolewa, anamzaa Obedi, na Obedi anakuwa babu ya mfalme Daudi.

Tukianza na mandhari, msimulizi anatuambia kuwa haya yalitukia zama za waamuzi, yaani kabla Israeli haijapata mfalme, kwa makisio kati ya mwaka 1200 na 1000 kabla ya Kristo. Kitabu cha Waamuzi kinafunga kwa vita, utekaji na unyanyasaji wa wanawake. Katika Biblia zetu Ruthu amepangwa papo hapo baada ya Waamuzi, na msomaji huhisi kana kwamba ametoka kwenye kelele akaingia shambani. Katika Biblia ya Kiebrania, hata hivyo, kitabu hiki kimo katika fungu la mwisho, lile la Maandiko, pamoja na Wimbo Ulio Bora, Maombolezo, Mhubiri na Esta. Wayahudi wana desturi ya kukisoma katika Sikukuu ya Majuma, sikukuu inayoambatana na mavuno ya ngano. Jambo hilo linafaa kukumbukwa unaposoma mwisho wa sura ya pili, ambapo Ruthu anaokota tangu mavuno ya shayiri hadi ya ngano, yapata majuma saba. Mwanafunzi wa Timau, ambako shayiri na ngano hulimwa, ataielewa kalenda hii upesi kuliko wa Othaya, mtoto wa majani chai na kahawa.

Moabu nayo iko wapi? Iko mashariki ya Bahari ya Chumvi, katika nchi ya sasa ya Yordani. Ni uwanda wa juu, kama ilivyo nyanda ya Bethlehemu upande wa magharibi, na kati yao kuna bonde refu linaloshuka zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari. Siku ya anga safi, mtu wa Bethlehemu huiona milima ya Moabu ng'ambo, kama mtu aliyesimama Nyeri mjini anavyouona Mlima Kenya asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Kwa hiyo Naomi hakwenda mwisho wa dunia. Alikwenda mahali alipokuwa akipaona kila siku. Na lugha? Mwaka 1868 jiwe lenye maandishi ya Mesha, mfalme wa Moabu, lilionekana Dhibani, na lugha yake ni ndugu wa karibu sana wa Kiebrania. Ukitaka mfano, fikiria mtu wa Karatina anayefika Embu: matamshi yanamshtua kidogo, lakini hakosi kuelewa. Ruthu na Naomi hawakuhitaji mkalimani.

Ukaribu huo wa nchi na lugha haukuleta upendo. Mwanzo 19 inasimulia asili ya Wamoabi kwa namna ya kuwaaibisha, kuwa walitokana na Lutu na binti yake katika ulevi. Katika Hesabu 22 mfalme wao Balaki anamkodi Balaamu awalaani Waisraeli. Sheria katika Kumbukumbu la Torati 23 inawafungia Wamoabi nje ya kusanyiko la Bwana hata kizazi cha kumi. Sasa tazama takriri anayoitumia msimulizi: Ruthu ni "Mmoabi" mara kwa mara, hata pale ambapo tumekwisha kulijua kabila lake na hatukuhitaji kukumbushwa. Mtahiniwa akiulizwa athari ya takriri hiyo, asijibu tu kwamba "inasisitiza". Inasisitiza nini, na kwa nani? Inamzuia msikilizaji kumsahau huyu mgeni ni nani hasa, mpaka siku atakapogundua kwamba ni mama wa babu ya Daudi, tena ni kuchelewa kumchukia.

Hapo ndipo wahakiki wanapogawanyika kuhusu wakati kitabu kilipoandikwa. Wapo wanaosema ni zama za wafalme, ili kuheshimu ukoo wa Daudi. Wapo wanaosema ni baada ya uhamisho wa Babeli, wakati Ezra na Nehemia walipokuwa wakishurutisha wanaume waachane na wake wageni, Wamoabi wakiwamo, kama tusomavyo katika Ezra 9 na 10 na Nehemia 13. Kwa maoni ya kundi hili la pili, Ruthu ni jibu: halipigi kelele, linasimulia tu. Mimi naelemea upande wa pili, ingawa ushahidi hauwezi kuufunga mjadala. Jambo moja ni dhahiri: katika 4:7 msimulizi anasimama kuwaeleza wasikilizaji wake desturi ya kuvua kiatu ili kuthibitisha mapatano, akisema ilikuwa desturi ya zamani. Mtu haelezi desturi ambayo kila mtu angali anaifuata.

Nije sasa kwenye sheria, maana bila sheria tatu hadithi hii haishikiki. Ya kwanza ni ya masazo. Walawi 19 na Kumbukumbu 24 zinamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni au kurudia kuokota kilichoanguka. Kile ni cha maskini, mgeni, yatima na mjane. Ruthu ni watatu kati ya hao kwa wakati mmoja: maskini, mgeni, mjane. Wazee wa kwetu husimulia kwamba zamani msafiri mwenye njaa aliruhusiwa kuingia shamba la mtu ale ndizi au muwa ashibe, mradi asibebe. Sheria ya Israeli inayofanana zaidi na hiyo iko Kumbukumbu 23, ila ya masazo inakwenda mbele: maskini anabeba nyumbani. Jioni ya siku ya kwanza Ruthu anabeba efa moja ya shayiri. Kwa makisio ya kawaida efa ni lita 22 hivi, debe letu lililojaa na kufurika. Kwa siku moja ya kuokota masazo, hicho ni kiasi kikubwa kupita kawaida, na Naomi anatambua mara moja kwamba kuna mtu aliyeamrisha mabua yaangushwe makusudi.

Sheria ya pili ni ya ukombozi wa ardhi. Walawi 25 inasema mtu akifukarika akauza shamba lake, jamaa wa karibu ana wajibu wa kulikomboa lirudi katika mbari. Jamaa huyo kwa Kiebrania huitwa go'el, nasi tutamwita mkombozi. Hapa msomaji wa Nyeri ana bahati. Neno "mbari" limo katika Kiswahili na limo katika Kigikuyu kwa maana inayokaribiana mno. Aidha, kabla ya usajili wa mashamba, ardhi ya Wagikuyu iliweza kutolewa kwa mbuzi kwa masharti kwamba mtoaji au jamaa zake wakirudisha mbuzi wale, shamba linarudi. Waliokuwa na njaa ya chakula waliliweka shamba kwa mwenye mifugo, na mbari ikabaki na haki ya kulikomboa. Ujumuishaji wa mashamba katika miaka ya 1950, chini ya mpango wa Swynnerton wa 1954, ulikata mshipa huo: shamba likawa la mtu mmoja mwenye hati, na huyo mmoja kwa kawaida alikuwa mwanamume. Mabibi na mababu waliozikumbuka kesi za kukomboa mashamba wangekuelewa Ruthu sura ya nne bila mwalimu.

Ya tatu ni ya kumwinulia marehemu jina. Kumbukumbu 25 inasema ndugu wakikaa pamoja na mmoja akafa bila mwana, nduguye amwoe mjane, na mtoto wa kwanza ahesabiwe wa marehemu. Desturi ya ndugu kumchukua mjane tunaijua huku kwetu. Lakini angalia: Boazi si ndugu wa Maloni, wala yule jamaa mwingine. Sheria kwa herufi haiwabani. Ruthu, kule uwanjani usiku, ndiye anayeziunganisha sheria mbili kwa kumwambia Boazi kuwa yeye ni mkombozi na hivyo amwoe. Ni mgeni anayemfasiria Mwisraeli sheria yake mwenyewe. Sijasikia mhubiri akiligusa hilo.

Turudi kwa swali la yule mjane. Shamba la Elimeleki halitajwi kabisa katika sura ya kwanza, ya pili wala ya tatu. Linajitokeza ghafula 4:3, Boazi anapomwambia yule jamaa kwamba Naomi anauza sehemu ya shamba. Basi kwa nini Naomi aliruhusu mkaza-mwana wake aokote masazo kwa watu ikiwa lilikuwapo shamba la nyumba yao? Wahakiki wametoa majibu kadhaa. Huenda Elimeleki aliliuza kabla ya kuhama, na kinachouzwa langoni ni haki ya kulikomboa. Huenda lilikuwa mikononi mwa mtu aliyelikalia kwa kuwa wenyewe hawapo. Huenda Naomi, kama mjane, alikuwa na haki ambayo hangeweza kuitekeleza bila mwanamume wa kumsemea. Matini haisemi. Kifasihi, hata hivyo, ukimya huu una kazi: msimulizi ametuficha habari ili tumwone Naomi kama mji ulivyomwona, mwanamke asiye na kitu, kisha atushtue kwa kutuonyesha kwamba alikuwa na kitu ila hapakuwa na wa kumtambua. Nilipowaeleza akina mama wale majibu hayo matatu, la pili ndilo lililowafanya waguse mabega ya wenzao.

Mwanzoni mwa 2008, nikiwa ningali mwanafunzi wa sekondari, familia nyingi zilirejea Nyeri kutoka Bonde la Ufa baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007. Nakumbuka wanawake waliofika na mabunda mawili matatu kwenye mashamba ya baba zao, wakapokelewa kwa ugali na maswali. Mji mzima ulitikisika kwa ajili yao, linasema Ruthu 1:19 juu ya Naomi. Kutikisika si sawa na kugawiwa mahali pa kujenga.

Tupite upesi kwenye mbinu za lugha, maana hapa ndipo mtahiniwa huvuna alama. Majazi yamejaa. Bethlehemu ni "nyumba ya mkate", na hadithi inafunguka kwa kinaya: nyumba ya mkate haina mkate. Elimeleki ni "Mungu wangu ni mfalme", katika zama zisizo na mfalme. Maloni na Kilioni huhusishwa na ugonjwa na kudhoofika, na ni nani angewapa wanawe majina hayo isipokuwa mtunzi? Naomi ana maana ya utamu, naye anakataa jina lake na kujiita Mara, uchungu. Huo ni msiba uliogeuzwa jina.

Maneno matatu ya Kiebrania yanastahili kujulikana. La kwanza ni hesed: wema unaopita wajibu, mtu kumtendea mwenzake jambo ambalo hakuna sheria ingemlazimisha. Tafsiri hulipeleka mara kwenye wema, mara fadhili, hivyo msomaji wa Kiswahili halioni kuwa ni lile lile. Mimi huwaeleza wanafunzi wangu kwa jina walijualo. Sista Irene Stefani, Mwitaliano wa shirika la Consolata, alifariki Gikondi mwaka 1930 akiwauguza wagonjwa, na wenyeji walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Alitangazwa Mwenyeheri hapa Nyeri Mei 2015. Mgeni aliyepewa jina na wenyeji kwa sababu ya hesed. Nadhani somo limefika.

La pili ni kanaf, lenye maana mbili: ubawa na upindo wa vazi. Katika sura ya pili Boazi anamwombea Ruthu thawabu kwa Mungu ambaye amekimbilia chini ya mbawa zake. Katika sura ya tatu Ruthu anamwambia Boazi atandaze upindo wake juu yake. Ni neno moja. Ruthu anamrudishia Boazi dua yake: umeomba, basi wewe ndiye jibu. La tatu ni neno la mikono mitupu. Naomi analilia hivyo anaporudi, 1:21, na katika 3:17 Boazi anakataa Ruthu arudi kwa mavyaa yake mikono mitupu, anampa vipimo sita vya shayiri. Kumbuka tu kwamba Naomi alipokuwa akisema amerudi mtupu, Ruthu alikuwa amesimama kando yake.

Na uwanja wa kupuria? Walimu wengi huruka sura ya tatu darasani kwa kuona haya. Usiiruke. Msimulizi ametumia tasfida na utata kwa makusudi: "miguu" kwa Kiebrania yaweza kuwa miguu, yaweza kuwa staha ya kutaja kwingine, na kitenzi cha kulala kinabeba maana zote mbili kama kwetu. Hasemi kilichotokea. Anachosema waziwazi ni kwamba Boazi alimwita mwanamke mwema na akahakikisha jina lake halichafuliwi kukicha. Anayejaza pengo hilo kwa uvumi, au kwa utakatifu wa kupindukia, ameacha kusoma.

Kwenye harusi za huku kwetu utasikia kiapo cha Ruthu, 1:16-17, kikisomwa kama ahadi ya bibi kwa bwana arusi. Kinapendeza, lakini ni mjane akimwambia mjane mwenzake, na hakuna mwanamume karibu. Mahali pengine kisa hiki hutumiwa kuwaambia wajane wavumilie kwa wakwe zao, wasidai kitu, Mungu ataleta Boazi. Ruthu hakungoja. Alitoka akaokota, alikwenda uwanjani, alidai. Wala Naomi hakunyamaza. Alimlaumu Mungu mbele ya mji wote, na hakuna mhusika anayemkemea. Isitoshe, msimulizi anamtaja Mungu akitenda moja kwa moja mara mbili tu: 1:6, kwa habari zilizosikika kuwa amewapa watu wake chakula, na 4:13, anapompa Ruthu mimba. Katikati ya hapo kazi yote inafanywa na miguu na vinywa vya watu. Kenya ya leo ina Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika 1981 na Katiba ya 2010, ambayo Kifungu cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia katika ardhi uondolewe. Mjane anayesomewa Ruthu ana haki ya kusomewa na hayo.

Tumalizie langoni. Wazee kumi wameketi, wote wanaume, na wanawake wawili ambao mambo yao yanaamuliwa hawapo. Boazi anamwita yule jamaa wa karibu zaidi, na msimulizi, ambaye hadi sasa ametupa jina la kila mtu wa maana, anamwita peloni almoni, yaani Fulani bin Fulani. Fulani yuko tayari kulikomboa shamba. Anaposikia kwamba Ruthu Mmoabi yuko pamoja na shamba, anarudi nyuma: asije akauharibu urithi wake mwenyewe. Aliogopa jina la nyumba yake lisipotee, na jina lake ndilo lililopotea. Sijui kinaya kikali kuliko hicho katika matini fupi namna hii, nami hukitumia ninapofundisha kinaya cha matukio hata kwa wanafunzi wasio Wakristo.

Mtoto anapozaliwa, majirani wanawake ndio wanaompa jina, nao wanasema ni Naomi aliyepata mwana. Msomaji wa mbali huona ajabu. Kwetu, miongoni mwa Wagikuyu, na kwa Wakamba na Wanandi pia, kumekuwako desturi ya mwanamke asiye na mwana kuoa mke ili nyumba ya marehemu mumewe isizimike, na watoto wakahesabiwa wa nyumba hiyo. Si jambo lile lile, lakini linatusaidia kuelewa ni kwa vipi mtoto mmoja aweza kuwa wa Ruthu kwa kuzaa, wa Naomi kwa nyumba, na wa Maloni kwa jina. Ajabu ni kwamba nasaba ya mwisho, 4:18-22, haimtaji Maloni hata kidogo. Inampa Boazi mtoto. Mwulize mwanafunzi wako kwa nini, hasa yule aliyepewa jina la babu yake kama ada yetu inavyotaka.

Ukishaisoma hadithi yote kwa mkupuo mmoja, soma Mwanzo 38, kisa cha Tamari na Yuda, ambacho wazee wa langoni wanakitaja katika baraka yao, kisha Mathayo 1:5. Linganisha tafsiri ya Muungano ya 1952 na Habari Njema, na kama unasoma Kigikuyu, weka Biblia ya Kigikuyu kando yao. Anza na sura ya nne, aya ya tatu, palipo na shamba.